Ni Mguu ama Ni Mgongo? Maneno Niliyosema Soko la Wakulima, Nakuru

Wengi mlikosa kufika Jumapili ile nilipoongea kuhusu maumivu ya mgongo na operesheni ya diski, wengine mvua iliwafungia nyumbani na wengine lori za Molo zilikuwa zinashusha viazi, na tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Basi nimekaa chini nikasikiliza rekodi ya binti yangu, nikaandika yote kama nilivyoyasema, hata pale nilipopotea njia nikarudi. Picha sina. Hata waliokuja hawakuziona, stima ilipotea kabla projekta haijawaka, na ukweli ni kwamba nilifurahi kidogo.

Hamjambo?

Hiyo ni sijambo ya watu wanaoumwa mgongo. Hamjambo tena? Haya, sasa nimesikia.

Wazee wangu, akina mama, wabebaji, watu wa mkokoteni, watu wa boda mliokaa nyuma karibu na mlango ndio mkipigiwa simu mtoroke, nawaona, na mzee wa kanisa uliyetuachia ukumbi bila kutoza hata shilingi, asanteni sana. Mimi ni fizio, mtaalamu wa viungo. Miaka 19 nimekuwa nikishika migongo ya Nakuru hii, na ya Njoro, na ya Mau Narok, na ya Bahati. Baba yangu alibeba magunia hapa hapa Wakulima mpaka nikamaliza fomu foo, kwa hivyo sikuja kuwahubiria watu nisiowajua, nimekuja nyumbani.

Mliniita niongee kuhusu ile operesheni ya diski, ile ya tundu dogo, ile mtu anaingia asubuhi na jioni anatoka akitembea. Na kuanzia kule getini mpaka hapa mbele nimeulizwa swali moja na watu watatu. Mnalijua? "Daktari, ni pesa ngapi?"

Kwanza mimi si daktari. Pili, hilo swali ni zuri lakini ni la nne ama la tano. Leo nataka muondoke na swali la kwanza, na swali la kwanza ni hili: kinachokuuma zaidi, ni mguu ama ni mgongo? Semeni na mimi. Ni mguu ama ni mgongo? Tena. Ni mguu ama ni mgongo? Mtanichoka leo na hilo swali, na mkinichoka vizuri nitajua nimefanya kazi.

Mama wa sukuma wiki hapo mbele, nisaidie kitunguu kimoja na kisu. Asante. Nikikata hivi katikati mnaona nini? Maganda. Ganda juu ya ganda juu ya ganda. Sasa mgongo wako una pingili, zile mifupa unazihesabu kwa mtoto ukimwogesha, na kati ya pingili na pingili kuna diski, zote pamoja ni 23. Kila diski imejengwa kama hiki kitunguu, ina maganda 15 mpaka 25, magumu kama kamba. Ila katikati hakuna moyo wa kitunguu. Katikati weka mrenda. Mrenda ule umepikwa na magadi ukateleza mpaka ukiuinua na mwiko unakuja kama uzi. Watu wa Kakamega mnacheka kwa sababu mnajua ninachosema.

Sasa wewe umeinama, wenzako wawili wanakuwekea gunia mgongoni. Si gunia, ni lumbesa. Kanuni za viazi za 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50, lakini hapa nani anapima? Linakuja kilo 110, kilo 130, juu limeshonewa kofia ya neti. Umeinama, mbele ya diski panabanwa, mrenda unasukumwa nyuma. Kesho tena. Mwaka ujao tena. Maganda ya ndani yanaachana moja moja, wewe husikii kitu, mpaka siku moja unainama kuokota kiatu, kiatu tu, na ganda la mwisho linapasuka.

Ndio maana mtu huniambia "lakini fizio, sikuwa nimebeba kitu." Ulikuwa umebeba miaka kumi.

Na mjue, diski hairuki. Diski haitelezi. Tunasema diski imeteleza, kana kwamba ni sahani imetoka kwa kabati na mtu mwenye nguvu anaweza kuirudisha na goti. Imepasuka na mrenda umevuja, basi. Huwezi kuurudisha mrenda kwa goti. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanakandwa hapa mjini mpaka wanalia, na wanaambiwa "imerudi."

Unavujia wapi? Zaidi ya mara tisa kwa kumi ni diski mbili za chini kabisa, pale unapofungia mshipi. Na nyuma ya hizo diski ndipo zinapopita neva za mguu, zile waya za stima. Ndio maana mtu ameharibika kiunoni lakini analia tako, analia nyuma ya paja, analia shavu la mguu mpaka kwa vidole. Ikiwaka mpaka kidole gumba ni waya mmoja, ikienda kwa kidole kidogo kwa kawaida ni waya wa chini yake. Neva imebanwa, na si kubanwa tu, ule ute wenyewe unaichoma kama pilipili. Sasa mnaona kwa nini nauliza? Ni mguu ama ni mgongo?

Nitawaambia habari ya kijana mmoja, jina lake mniwie radhi. Ni mbebaji. Alikuja kwangu ameinama upande kama mti wa barabarani, mama yake amemshika mkono. Nikamuuliza. Akasema, "Fizio, mgongo ni kidogo tu, huu mguu ndio unaniua, unawaka kama nimeshika waya." Nikamlaza, nikainua mguu wake ukiwa umenyooka, sijafika hata nusu ya njia akapiga nduru watu wakachungulia dirishani. Hiyo ni dalili ya neva iliyobanwa. Skani ikasema hivyo hivyo, kipande kimetoka, kimekatika, kimeenda zake.

Mama alikuwa tayari ameanzisha grupu ya mchango, watu 84 ndani, mwenye hazina ameshachaguliwa. Anataka operesheni kesho.

Nikapima nguvu za mguu, ziko. Nikauliza mkojo, uko sawa. Nikasema tungoje.

Mnajua wiki ya tatu aliniita nani? Sitasema kanisani. Alikuwa na haki, usiku halali, analala sakafuni miguu juu ya kiti. Hatukumfungia kitandani, hiyo ya kulala wiki mbili tuliacha zamani, alitembea kidogo kidogo kila siku, alikunywa dawa aliyoandikiwa na si sindano ya diklo, ile ya kutuliza maumivu, kila jioni kwa kemisti, maana hiyo diklo ya kila siku itakuachia vidonda vya tumbo na figo mbovu na diski iko pale pale. Wiki ya sita maumivu yakapanda kutoka kwa kidole mpaka kwa goti. Nikafurahi, yeye hakuelewa nafurahia nini. Yakipanda kuelekea kiunoni ni dalili njema, yakishuka ni mbaya. Wiki ya tisa alikuja na baiskeli.

Kimetokea nini? Mwili umekula. Askari wa damu wanakuta ule mrenda nje ya nyumba yake, hawaujui, tangu uzaliwe hawajawahi kuuona, wanaushambulia wanaula. Karibu mara mbili kwa tatu zile zilizovuja hunyauka zenyewe. Na hapa kuna kitu hata mimi kilinichukua muda kukiamini: kile kipande kikubwa cha kutisha, kilichokatika kabisa, ndicho mara nyingi hunyauka vizuri kuliko kile kidogo kilichovimba tu.

Uholanzi walilifanyia hesabu, matokeo yakatoka 2007. Watu 283, wote wagonjwa wa mguu kama huyu kijana, nusu wakapelekwa kupasuliwa mapema, nusu wakaambiwa wangoje na mlango wa operesheni uko wazi wakishindwa. Waliopasuliwa mapema, nusu yao walikuwa wamepona kufikia wiki ya 4. Waliongoja, wiki ya 12. Mwaka ulipoisha? Pande zote mbili, 95 kwa 100 walisema wamepona. Lakini ngoja, msipige makofi, kwa wale waliongoja karibu 39 kwa 100 walishindwa njiani wakapasuliwa.

Kwa hivyo ukilipia ile operesheni unalipia nini? Unalipia kama wiki nane za maumivu. Sasa kuna fizio wenzangu watasema "wiki nane si kitu, vumilia." Mimi siwezi kusema hivyo nikiwa Wakulima. Mtu wa mshahara akingoja wiki nane anakula likizo. Mbebaji akingoja wiki nane watoto wanakula nini? Mwenye nyumba atangoja? Kungoja nako kuna bei, na anayekuambia ngoja bila kukuuliza nyumbani kuna watu wangapi hajamaliza kazi yake. Ule mchango wa mama, mnajua tuliufanyia nini? Ulilipa kodi ya nyumba miezi miwili na unga. Watu wawili kwa grupu walikasirika sana, wakasema walichangia operesheni si unga. Mpaka leo hawasalimiani na yule mama.

Haya. Ni mguu ama ni mgongo?

Sasa habari ya pili, na hii ni ya kwetu, mniwie radhi nikiisema haraka.

Dada yangu mkubwa ni mwalimu. Ameumwa mgongo tangu nikiwa chuo. Mgongo, si mguu. Akisimama darasani sana unauma, akikaa sana unauma, akipumzika Agosti unapungua. Siku moja akapigwa skani, karatasi ikaandika diski tatu zimevimba. Akaenda mahali fulani, sitasema ni wapi wala ni mji gani, wakamwambia kuna leza, mwanga mkali wa kuchoma, tundu dogo, hakuna kisu, jioni uko nyumbani. Ng'ombe mmoja akauzwa, tukachanga, akaenda. Tundu lilikuwa dogo kweli, mpaka leo ukilitafuta hulioni. Na mgongo unauma vile vile.

Hakuna aliyemuuliza swali la kwanza. Hakuna! Na mimi fizio wa nyumba hiyo nilikuwa wapi? Nilikuwa kwa meza, nakunywa chai, nimenyamaza. Yeye ndiye alinilipia karo ya chuo, nitamwambiaje? Nikajiambia pengine wanajua zaidi. Nilijua. Nimekuja hapa leo kwa sababu ya hiyo chai pia.

Sikilizeni hii ya skani. Mwaka 2015 watafiti walikusanya skani za watu zaidi ya 3,000 ambao hawaumwi kitu. Hawaumwi! Kwa watu wa miaka 20, 30 kwa 100 wana diski imevimba. Kwa watu wa miaka 80, ni 84 kwa 100. Na wanakula, wanatembea, wanaenda kanisani. Diski iliyovimba ni kama mvi, mzee. Ukiwa na mvi na kichwa kinakuuma, utanyolewa mvi?

Operesheni ya diski, iwe ya tundu dogo ama la, inaondoa kitu kinachobana neva ya mguu. Hiyo ndiyo kazi yake. Maumivu ya mguu huwa yanaondoka vizuri sana, wengine wanaamka hayapo. Maumivu ya mgongo wenyewe, pengine yapungue, pengine yasipungue. Kama huna maumivu ya mguu, mwambie anayekuuzia tundu akueleze analitoboa kufuata nini.

Sasa tuingie chumba cha operesheni, maana najua hiyo ndiyo mlijia.

Lakini kwanza, akina mama, nyama ya mbuzi mzee mnailainisha na nini? Paipai! Eeh. Paipai bichi, ule utomvu wake. Mwaka 1956 kule Marekani daktari Lewis Thomas aliwadunga sungura dawa iliyotolewa kwa utomvu wa paipai. Masikio ya sungura si yanasimama wima? Yalilala yote, yakaning'inia kama ya mbuzi. Dawa ilikuwa imelainisha gegedu inayosimamisha sikio, na baada ya siku chache yakasimama tena. Akaja mwingine, Lyman Smith, akafikiri, kwani diski si jamaa ya gegedu? Mwaka 1964 akatangaza kwamba amewadunga watu dawa ya jamii hiyo hiyo ya paipai ndani ya diski, na sindano tu, bila kisu. Hiyo ndiyo babu ya tundu dogo, wapendwa, paipai! Marekani wakaiidhinisha 1982. Ilisaidia wengi, lakini wachache mwili uliikataa kwa nguvu mpaka hatari ya kufa, wengine neva ziliumia, na 2003 ikaacha kuuzwa huko. Na nawaomba kwa unyenyekevu, msiende kupaka paipai mgongoni. Nawajua.

Kabla ya hapo ilikuwa kisu kikubwa. Ni 1934 tu ndipo madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, walipoandika kwamba kile kitu wenzao walikuwa wanakitoa mgongoni wakidhani ni uvimbe, kumbe ni diski iliyovuja. Tangu hapo watu wakapasuliwa mgongo mzima, misuli inang'olewa kwa mfupa pande mbili, mfupa unakatwa, kufikia kipande cha ukubwa wa punje ya maharagwe. 1975 Hijikata wa Japani akaingia kwa bomba jembamba kupitia ubavuni. 1977 Yasargil na Caspar, kila mmoja kwake, wakaleta darubini na kidonda kikawa kifupi. 1997 Foley na Smith mwingine wakaingiza bomba lenye kamera. Hayo yametosha.

Inafanywaje? Umelala kifudifudi, tumbo linaning'inia huru. Mashine ya eksirei imepinda kama herufi C inazunguka kutafuta pingili yenyewe, kwa sababu kosa rahisi kuliko yote ni kuingia ghorofa isiyo yako. Wanaingiza waya mwembamba. Juu ya waya wanateremsha bomba, juu ya bomba lingine pana kidogo, na lingine, na lingine. Mmewahi kuona zile sufuria za kuingiana za zawadi ya harusi? Ndivyo. Misuli haikatwi, inasukumwa kando polepole. Ukitoa za ndani inabaki ile ya nje, upana wake ni kama milimita 16 mpaka 22, na hapo ndipo daktari anafanyia kazi. Ile ya endoskopi, yaani bomba lenye kamera ndani, ni ndogo zaidi, milimita 7 ama 8, kama kalamu nene, maji ya chumvi yanapita ndani muda wote kusafisha damu, na daktari haangalii mgongo wako kabisa, anaangalia skrini. Ikiingia kwa ubavu, wengine hawalazwi usingizi, wanatiwa ganzi tu, na neva ikiguswa mgonjwa anasema "hapo!" na daktari anarudi nyuma.

Neva inaonekana kama tambi iliyoiva, nyeupe, imebanwa ukutani. Anaisogeza. Chini yake kuna kile kipande. Anakishika na koleo dogo, anavuta, kinakuja. Nilionyeshwa kimoja ndani ya kichupa, kilikuwa cheupe, kimechanika chanika, kama ile gegedu unayotema ukila supu ya kongoro. Mtu alikuwa ameuza shamba la chai Kericho kwa ajili ya kitu nilichoweza kukifunika na kucha.

Na diski haitolewi yote! Watu wengi wanafikiri wametolewa diski. Ni kile kipande tu na vilivyolegea karibu yake. Lile ganda lililopasuka linabaki na tundu. Hapo shikeni, kwa sababu ya habari ya tatu.

Dereva wa matatu, wa hapa kwenda Kisumu. Mguu wa kulia, waya wa kidole gumba. Huyu hakuwa wa kungoja, kwa sababu haikuwa maumivu tu, kisigino kikiwa chini hawezi kuinua vidole. Mguu ukikanyaga mafuta, kurudi kwa breki unasita. Alificha wiki mbili, anauinua kwa paja. Siku moja akiteremka Salgaa, mnaijua Salgaa, mguu ukakataa kutoka. Alisimamisha gari kwa gia na mkono, watu 14 ndani. Alipofika stejini akampigia tajiri simu akasema njoo uchukue gari yako.

Alipasuliwa Nairobi, tundu dogo, jioni alitembea mpaka chooni mwenyewe. Maumivu ya mguu yalikuwa yameisha akiwa bado kwenye kitanda. Nguvu za vidole hazikurudi siku hiyo, zilichukua miezi, neva inapona polepole kama mtoto anavyoota meno. Sasa shida. Kidonda ni kidogo, plasta mbili. Maumivu hakuna. Mwili unamdanganya kwamba ni mzima. Aliambiwa wiki sita asiendeshe safari ndefu, asibebe hata jerikeni. Wiki ya tatu yuko barabarani.

Miaka ya 1960 kule Uswidi kulikuwa na daktari, Alf Nachemson, aliwaingiza watu hai sindano ndani ya diski akapima mgandamizo. Akakuta mtu aliyekaa anaibana diski kuliko aliyesimama, na aliyekaa akiinama mbele na mzigo mkononi ndiye mbaya kuliko wote. Sasa dereva amekaa, boda amekaa na barabara ya Rhonda inampiga kutoka chini. Tundu la ganda bado bichi. Wiki ya tano kipande kingine kikatoka pale pale. Kwa watu 100 waliofanyiwa, kati ya 5 na 15 hurudi hivyo, hata waliotii, lakini usijiongezee. Akapasuliwa mara ya pili. Leo yuko sawa, anaendesha hapa mjini tu, na ana hasira na mimi kwa sababu huwa namtaja.

Kwa hivyo tundu dogo ni bora kuliko kisu cha kawaida? Unapoteza damu kidogo, misuli haiumii sana, unaenda nyumbani mapema. Uholanzi tena, 2022, watu 613, endoskopi ikalinganishwa na ile ya darubini, matokeo ya mguu kwa endoskopi hayakuwa mabaya kuliko ya darubini, yalikuwa mazuri kidogo. Kidogo. Baada ya mwaka mguu wako haukumbuki tundu lilikuwa la ukubwa gani. Mimi ningechagua mikono kabla ya mashine. Daktari aliyefanya ile ya darubini mara nyingi sana ni bora kwangu kuliko aliyenunua endoskopi juzi. Muulize umefanya ngapi, na ukikwama ndani utafanya nini. Akikasirika, umeshapata jibu. Na leza haiwezi kufuata kipande kilichokatika kikahama, hilo likumbukeni. Pesa sasa, swali lenu: omba hesabu yote kwa maandishi kabla hujalazwa, pamoja na ya ganzi na vifaa, na uende kwa ofisi ya SHA, bima ya afya ya serikali, wakuambie wanabeba kiasi gani na wewe kiasi gani. Nimemaliza pesa.

Naomba watoto watoke nje dakika tano. Asante.

Akina baba, mkiwa mmekaa kwa boda, ile sehemu inayogusa kiti. Akina mama, pale unapojifuta ukitoka chooni. Ukijifuta siku moja na usisikie karatasi, kama unamfuta mtu mwingine, hiyo si ya kungoja. Mkojo umejaa na hautoki, ama unatoka bila habari yako. Miguu yote miwili inaisha nguvu. Kinyesi kinakuponyoka. Ukiwa na diski iliyovuja na ukaona hata moja ya hizo, usinipigie mimi, usiende kukandwa, nenda hospitali kubwa usiku huo huo, panda boda, panda lori la viazi, kila saa ina hesabu. Kipande kikubwa kimebana fungu lote la neva za chini, na ikipita siku mbili mara nyingi kinachopotea hakirudi.

Mama mmoja wa Njoro aliona aibu. Alikaa na hiyo ganzi kuanzia Alhamisi mpaka Jumatatu, angemwambia nani, mkwe wake? Yule mkwe ndiye alikuwa nyumbani. Alipasuliwa vizuri, daktari mzuri, kidonda safi. Anatembea. Lakini anatoa mkojo kwa mpira mpaka leo, mara nne kwa siku, na ndiye aliyenituma niwaambie hivi hivi bila kuficha, akasema "waambie ile ya karatasi." Basi nimewaambia.

Warudisheni watoto.

Sasa simameni wote. Wazee shikeni kiti. Vueni ndala. Tutatembea kutoka hapo mpaka kwa dirisha kwa visigino, vidole juu, hivi, kama mtu amekanyaga matope. Haya. Twendeni. Mzuri. Mama wewe unadansi. Sasa rudini kwa ncha za vidole, visigino juu. Vizuri. Visigino tena, mara ya mwisho, polepole, nataka kuona vidole.

Wewe kijana wa jaketi ya kijani. Rudia. Huo wa kushoto. Inua vidole. Inua.

Tangu lini?

Haya, keti hapo kwa benchi, usiende. Mtu amwambie mwenzake wa boda kwamba leo harudi kazini. Nakuja nikuangalie.